Kidingapopo: Homa Iliyotoka Unguja Ikavuka Bahari

Katikati ya mwaka 1870 mji wa Unguja ulikuwa haujatoka matangani. Kipindupindu kilikuwa kimeshuka kutoka bara pamoja na misafara, kikafika Pangani, kikavuka bahari mwishoni mwa 1869, na kwa miezi kadhaa kikazoa watu kwa maelfu hata mji ukachoka kuzika. Waliobaki walikuwa ndio kwanza wanavuta pumzi, ndipo mwezi Julai ikazuka homa nyingine, isiyofanana hata kidogo na maradhi yaliyotangulia.

Hii haikuwa ya kutapika wala kuharisha. Mtu alikuwa mzima, anatembea na shughuli zake, mara goti likamshika, au kifundo cha mguu, au vidole vya mkono vikakakamaa, na muda mfupi baadaye hawezi kuinuka pale alipokaa. Homa ikapanda, viungo vikavimba. Baada ya siku chache mwili ulitoka vipele, joto likashuka, na jamaa wakamshukuru Mungu kwamba mgonjwa wao amepona. Kumbe bado. Homa ilikwisha lakini maumivu yalibaki vidoleni, kwenye viwiko vya mikono na kwenye nyayo, na wengi walichechemea kwa wiki nyingi, wengine kwa miezi.

Haikuchagua. Iliwalaza Waarabu, Wahindi, Waafrika na Wazungu, matajiri wa nyumba za mawe pamoja na watumwa wao, na waliookoka bila kuguswa walikuwa wachache. Waliokufa nao walikuwa wachache mno, na hilo lenyewe liliwashangaza watu waliokuwa wametoka kwenye kipindupindu. Oktoba mwaka huohuo Sayyid Majid alifariki kwa maradhi yake ya siku nyingi, nduguye Barghash akashika kiti, na homa bado ilikuwa inatembea mitaani. Ilinyamaza Januari 1871, mwezi uleule Henry Morton Stanley alipotua Unguja kujitayarisha kwa safari ya kumtafuta Livingstone.

Wageni waliiona kuwa ni balaa jipya. Wazee wa mji hawakuiona hivyo. Walisema wanaijua, kwamba iliwahi kuja walipokuwa vijana, na walikuwa na jina lake: kidingapopo. Walipohesabu miaka, hesabu iliangukia 1823, zama za Sayyid Said, kabla hajahamishia makao yake Unguja.

Kumbukumbu hiyo ingepotea pamoja nao lau si tabibu mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja na kuwatibu watu wa nyumba ya Sultani. Christie alikuwa na tabia ambayo madaktari wengi wa Kizungu wa wakati wake hawakuwa nayo: aliuliza watu. Kitabu chake cha 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kimejaa habari alizozipata kwa wafanyabiashara, viongozi wa misafara na mabaharia, nani alimwona mgonjwa wa kwanza, wapi, mwezi gani, baada ya msafara upi kupita. Kwa kidingapopo alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1872 alichapisha maelezo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza, akaandika jina kama alivyolisikia, kidinga pepo, na akaeleza kwamba wenyeji walilihusisha na mshiko wa ghafla wa pepo mbaya. Kamusi zetu zimelihifadhi kwa popo mahali pa pepo.

Maelezo hayo ni hazina. Leo tunaweza kuusoma ugonjwa wa 1870 karibu kama tungesoma faili la hospitali, na jambo ambalo Christie hakulijua, yaani chanzo chake, linaweza kutafutwa humo humo katika alichokiandika.

Kwa nini yeye hakukijua? Elimu ya wakati ule iliamini kwamba homa huletwa na hewa mbovu inayopanda kutoka kwenye matope, mizoga na takataka. Na pwani ya mji wa Unguja, kusema kweli, ilitoa ushahidi mwingi wa namna hiyo, kwa sababu uchafu wote ulitupwa ufukweni na kuachiwa maji kujaa. Ila hewa mbovu ilikuwa pale miaka yote. Kwa nini kidingapopo ije 1823, inyamaze karibu nusu karne, kisha irudi 1870 na kuondoka baada ya miezi sita huku uvundo ukibaki palepale? Tena kwa nini iwalaze watu wa nyumba zilizofagiliwa sawasawa na wale wa nyumba chafu? Na la kutatiza zaidi, kwa nini ilisafiri?

Maana ilisafiri. Mwaka 1871 homa ileile ilizuka Aden. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa Bombay na Calcutta, na 1872 ilikuwa imetapakaa India, Madras ikiwa mojawapo ya miji iliyolazwa, huku madaktari wa jeshi la Waingereza wakijaza ripoti kuhusu askari wasioweza kushika bunduki kwa maumivu ya vidole. Ilivuka hadi Burma na pwani za China. Ilishuka pia kusini, Mauritius na Réunion. Ukiichora kwenye ramani utaona njia za biashara ambazo mtu yeyote wa pwani anazifahamu: majahazi yanayoingia na kaskazi na kutoka na kusi, yakibeba pembe, karafuu, boriti na watu kati ya Unguja, Arabuni na Kachi. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa Novemba 1869, na meli za moshi zilizokuwa zikipita Aden ziliuongezea ugonjwa mwendo.

Na mwaka 1823? Huko nako kuna nyayo. Miaka ya 1824 na 1825 homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo ilienea India na Burma. Mwaka 1827 ilizuka St. Thomas katika visiwa vya Karibi, ikaruka kisiwa hadi kisiwa, na 1828 ikafika Cuba na miji ya kusini mwa Marekani. Wenyeji wa visiwa vya Waingereza waliiita dandy, eti kwa sababu wagonjwa walitembea kwa kujinyoosha kama watanashati. Cuba waliiita dengue, na ndilo jina lililoshinda dunia nzima.

Christie aliamini kwamba dengue ya Cuba ilikuwa dinga ya Unguja, na kwamba jina lilivuka Atlantiki midomoni mwa watumwa waliochukuliwa pwani yetu. Baadhi ya wataalamu wa lugha wanasita, kwa kuwa Kihispania nacho kina neno la namna hiyo lenye maana ya madaha na deko. Mimi naiona hoja ya Christie kuwa nzito. Katika miaka hiyo meli za watumwa zilikuwa zikichukua watu kwa wingi kutoka Msumbiji na pwani ya kusini kwenda Brazil na Cuba. Watu hao waliondoka na lugha zao, na ni vigumu kuamini kwamba hawakuwa na namna ya kuuita ugonjwa ambao pwani walikotoka ilikuwa imeupa jina. Waliosafirishwa kwa minyororo hawakuacha maandishi, kwa hiyo sauti zao katika jambo hili hatuzisikii isipokuwa, pengine, katika neno hilo moja.

Jina hilo likaleta matata makubwa, kwa sababu madaktari walianza kulitumia kwa kila homa yenye maumivu ya mwili na vipele. Walirudi nyuma wakakusanya na ripoti za zamani. Mwaka 1779 huko Batavia, Jakarta ya leo, daktari David Bylon alikuwa ameeleza homa ya viungo iliyoulaza mji na kumlaza yeye mwenyewe. Mwaka 1780 huko Philadelphia, Benjamin Rush, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani, alieleza homa ambayo wagonjwa waliiita ya kuvunja mifupa. Zote zikatiwa kapu moja. Batavia, Philadelphia, Unguja, Calcutta na St. Thomas zikawa sura za kitabu kimoja kiitwacho dengue, na kwa miaka mia nzima hakuna aliyeuliza kwa dhati kama kweli ulikuwa ugonjwa mmoja.

Wakati huo elimu ya mbu ilikuwa inapanda ngazi. Carlos Finlay wa Cuba alisema mwaka 1881 kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu, akapuuzwa karibu miaka 20 mpaka Waamerika walipothibitisha mwaka 1900. Thomas Bancroft wa Australia alionyesha mwaka 1906 kwamba mbu huyohuyo hueneza dengue. Mwaka uliofuata Ashburn na Craig, madaktari wa jeshi la Marekani huko Ufilipino, walionyesha kwamba kisababishi chake ni kitu kidogo kiasi cha kupenya vichujio vinavyozuia bakteria.

Mbu mwenyewe ni Aedes aegypti, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Hataki kinamasi wala mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia karibu na watu: mtungi, pipa, birika lisilofunikwa, kifuu kilichojaa mvua. Mayai yake hushikamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu miezi mingi, kisha yakaanguliwa siku chombo kinapojazwa tena. Asili yake ni misitu ya Afrika. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watafiti wamewafuatilia tangu miaka ya 1970 mbu wa makundi mawili wa aina hiyo wanaoishi hatua chache tu baina yao. Wa kundi la kwanza huzalia kwenye mashimo ya miti msituni na kuuma wanyama, na wa pili ameingia ndani ya nyumba, anazalia mitungini, na akipewa nafasi ya kuchagua hufuata harufu ya binadamu.

Sasa jahazi linaeleweka. Mgonjwa wa homa hizi huwa na virusi damuni kwa siku chache tu, wiki ikizidi. Safari ya tanga kutoka Unguja kwenda Bombay ilichukua muda mrefu kuliko huo, hivyo mgonjwa mmoja peke yake angepona njiani na ugonjwa ungefia baharini. Lakini chombo kilikuwa na mapipa ya maji ya kunywa, mapipa yalikuwa na viluwiluwi, na mbu wakikomaa waliwakuta mabaharia na abiria wamelala sitahani bega kwa bega. Mmoja aliugua, akamwambukiza mbu, mbu akamwambukiza jirani yake, na mnyororo huo ukafika bandarini ukiwa mzima. Kwenye majahazi ya watumwa, ambako watu walishindiliwa chini na maji yalikuwa ya kupimiwa, mnyororo haukuwa na sababu yoyote ya kukatika.

Hayo yanaeleza njia. Hayajaeleza ni ugonjwa gani. Jibu la swali hilo lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akilitafuta: uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, karibu na Mto Ruvuma.

Uwanda wa Makonde ni nchi ya kiu. Mvua inayonyesha huko hupenya kwenye udongo na kuibukia chini kabisa, kwenye mabonde, na kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mteremko mrefu na kupanda tena na maji kichwani. Karl Weule, mtaalamu wa mila aliyekaa Newala mwaka 1906, alijiuliza kwa nini watu wakae mahali pagumu kiasi hicho. Sehemu ya jibu ni usalama, kwa kuwa vichaka vya uwandani viliwaficha watu dhidi ya wakamata watumwa na mashambulizi ya Wangoni. Lakini Wamakonde walimpa jibu jingine, masimulizi ya asili yao, ambamo mababu wanaagizwa wakae juu na kuyaepuka mabonde na mito mikubwa, kwa maana huko ndiko kwenye maradhi na kifo.

Ushauri huo ulikuwa wa busara. Mabonde yale yalikuwa na malaria na mbung'o. Lakini maji yanayopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi. Huwekwa ndani, mtungini, siku nyingi, na mtungi wa maji safi ndani ya nyumba yenye kivuli ndio makao anayoyapenda Aedes aegypti kuliko mengine yote.

Katikati ya mwaka 1952 vijiji vya uwandani vilianza kulala. Mtu alishikwa ghafla njiani au shambani, viungo vikamkunja, akashindwa hata kurudi kwake. Maumivu yaliwanyima watu usingizi. Homa ilipopungua vipele vikatoka, na kisha yakabaki yale maumivu ya viungo yasiyokwisha. Wamakonde waliuita kwa neno la lugha yao linalotokana na kungunyala, kupindika au kujikunja: chikungunya. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa kwa uangalifu mkubwa, na kwa macho yake ugonjwa ulifanana na dengue. Kutoka Entebbe akaja W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi, ileile iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano na ambayo mwaka 1947 ilikipata kirusi cha Zika kwa tumbili. Lumsden alitembea nyumba kwa nyumba, akatazama mitungi, akahesabu mbu, akaona jinsi ugonjwa ulivyokuwa ukimaliza kaya moja baada ya nyingine.

Damu ya wagonjwa na mbu waliokamatwa vilipelekwa Entebbe. R. W. Ross aliviingiza katika vitoto vya panya, akapata kirusi, akakilinganisha na vilivyokuwa vikijulikana. Taarifa zao zilitoka 1955 na 1956, na matokeo yake yalikuwa hayakutarajiwa: haikuwa dengue. Haikuwa hata jamaa wa karibu wa dengue. Ilikuwa kirusi cha ukoo mwingine kabisa, ambacho dunia ya sayansi haikuwahi kukiona.

Daktari mwangalifu, mwenye mgonjwa mbele yake, alikuwa ameona dengue pale ambapo dengue haikuwapo. Kama hilo liliwezekana 1952, liliwezekana pia 1870, 1827 na 1779.

Aliyeifuata hoja hiyo mpaka mwisho ni Donald Carey, aliyeushuhudia mlipuko wa chikungunya huko Vellore, kusini mwa India, mwaka 1964. Mwaka 1971 alichapisha makala akiuliza kama historia ya dengue haikujengwa juu ya kosa la kutambua. Alirudi kwa Bylon, akarudi kwa Christie, akazisoma ripoti za India za 1872 na za Karibi za 1827, akitafuta alama moja hasa: viungo. Dengue huuma kichwa, nyuma ya macho, misuli na mgongo, na kwa kawaida mgonjwa akipona homa, maumivu makali humwacha. Chikungunya hukamata viungo vidogo, huvivimbisha, na haiviachii. Kwa Bylon aliona viungo. Kwa Christie aliona viungo na maumivu yaliyodumu. Karibi hali ileile. Kwa Rush, Philadelphia, aliona kitu tofauti, na huyo ndiye anayeonekana kweli aliandika juu ya dengue.

Hoja ya Carey ikikubaliwa, na wataalamu wengi leo wanaikubali, basi jina dengue kwanza lilikuwa la ugonjwa wa viungo, yaani kidingapopo ya Unguja na dengue ya Cuba. Baadaye, madaktari walipokuwa wakitumia neno moja kwa homa mbili, likahamia taratibu kwa ile nyingine. Siku kirusi cha nyingine kilipopatikana mwaka 1943 huko Japani, kilipewa jina ambalo kwa haki lilikuwa la mwenzake, na mwenye jina alipofumaniwa Newala ikabidi abatizwe upya kwa Kimakonde.

Kuna mshukiwa mwingine anayestahili kusikilizwa kabla hatujafunga shauri. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ulizuka ugonjwa wa viungo ambao Waacholi waliuita o'nyong-nyong. Kirusi chake ni ndugu wa damu wa chikungunya, dalili zinashabihiana mno, na katika miaka michache kilipita Uganda, Kenya na Tanganyika kikiwaambukiza watu wapatao milioni 2. Je, kidingapopo isingeweza kuwa hiyo? Nadhani haiwezekani, na sababu ni mbu. O'nyong-nyong huenezwa na Anopheles, hasa funestus, mbu wa vinamasi na kingo za maji yenye majani. Huyo hakai ndani ya pipa la jahazi. Ugonjwa wake ulitembea nchi kavu, kijiji hadi kijiji, kuzunguka maziwa, na haukuwahi kuvuka bahari. Kidingapopo ilipita bandari hadi bandari.

Dengue yenyewe haiwezi kuondolewa kabisa. Dar es Salaam imeipata mara kadhaa, mlipuko wa 2014 ukiwa na wagonjwa zaidi ya elfu moja waliothibitishwa, na mbu wa magonjwa haya mawili ni huyohuyo. Huenda katika bandari yenye pilika kama Unguja ya 1870 virusi vyote viwili vilikuwa vikizunguka. Lakini ugonjwa uliowakunja watu, ule uliopewa jina na kukumbukwa kwa miaka 47, una sura ya chikungunya.

Kwa muda mrefu huu ulikuwa uchambuzi wa karatasi tu. Kisha likatokea jambo lililoufanya uaminike zaidi ya hoja yoyote.

Mwaka 2004 Lamu ilikuwa kavu na yenye joto lisilo la kawaida. Mji huo wa kale unajua kuishi na maji machache. Nyumba zake za zamani zina mabirika, na wajenzi wake walikuwa wakiweka samaki wadogo humo wale viluwiluwi, hata wakatia bakuli za kauri sakafuni mwa birika ili samaki wapate pa kujihifadhi maji yakipungua. Sijui mhandisi gani wa leo angefikiria vizuri zaidi ya hapo. Ila kufikia 2004 watu walikuwa wengi kuliko mabirika, na maji yaliwekwa katika madumu, mapipa na ndoo zisizofunikwa, bila kumwagwa wala kusuguliwa kwa kuwa hakukuwa na ya kujazia.

Kuanzia Mei watu wakaanza kulala. Kwanza ilidhaniwa malaria. Damu zilipopimwa ikaonekana ni chikungunya, na uchunguzi uliofanywa Oktoba ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi wa Lamu walikuwa wameambukizwa, watu wapatao 13,500. Hivyo ndivyo wazee wa Unguja walivyousimulia ugonjwa wao, kwamba karibu kila mtu anaupata. Mwishoni mwa mwaka ukawa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ukawa Ngazija, ukaambukiza zaidi ya nusu ya kisiwa. Kutoka Visiwa vya Komoro ukaingia Mayotte, Mauritius na Réunion, ambako watu wapatao 266,000, theluthi ya wakazi wote, waliugua, na vifo zaidi ya 200 vikahusishwa nao, wengi wa waliokufa wakiwa wazee. Mwishoni mwa 2005 ukatua India, na katika mwaka uliofuata walihesabiwa wagonjwa zaidi ya milioni 1.3.

Pwani ya Afrika Mashariki, visiwa vya Bahari ya Hindi, kisha India yote. Ndiyo ramani ya 1870, imechorwa upya mbele ya macho yetu, safari hii damu zikipimwa kila kituo. Tofauti ni chombo cha kusafiria, ndege badala ya jahazi, na badiliko moja dogo katika kirusi lililotokea Réunion na kukiwezesha kuenezwa vizuri na Aedes albopictus, mbu anayestahimili hata nchi zenye baridi kidogo. Kwa badiliko hilo ugonjwa uliweza mwaka 2007 kuingia vijijini kaskazini mwa Italia, baada ya msafiri mmoja kutoka India kwenda kuwatembelea jamaa zake.

Ramani ya 1823 nayo ina mwenzake. Desemba 2013 chikungunya ilithibitishwa katika kisiwa cha Saint Martin, Karibi, ikitokea Asia. Kufikia mwisho wa 2014 nchi za Amerika zilikuwa zimehesabu wagonjwa zaidi ya milioni moja, na miongoni mwa visiwa vilivyolala ni St. Thomas, palepale ilipoanzia mwaka 1827. Scott Halstead, aliyetumia maisha yake kuichunguza dengue, aliandika mwaka 2015 kwamba Amerika haikuwa imepata ugonjwa mpya. Ulikuwa umerudi ule uliokuwa ukiitwa dengue zamani.

Uthibitisho wa maabara wa 1870 hautapatikana. Bakteria wa tauni wamepatikana katika meno ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita, lakini chembe za urithi za chikungunya ni za aina inayooza upesi, na ugonjwa wenyewe haukuwaua watu wengi kiasi cha kujaza makaburi. Hakuna mfupa wa kuuliza. Tulicho nacho ni maneno ya wazee wa Unguja kwa tabibu aliyekubali kuwasikiliza.

Linalobaki kuelezwa ni ukimya wa katikati. Aliyewahi kuugua chikungunya hupata kinga ya muda mrefu sana, pengine ya maisha. Ugonjwa ukipita mji mzima huishiwa watu, ukarudi msituni, ambako kirusi huishi kati ya nyani, tumbili na mbu wa mitini, kikingoja mpaka wazaliwe watu wa kutosha wasioujua. Unguja ilipita miaka 47. Kutoka Newala hadi Lamu, miaka 52. Lakini kutoka Lamu hadi mlipuko wa Mandera, Kenya, mwaka 2016 ilipita miaka 12 tu, na kutoka Mandera hadi Mombasa, mwishoni mwa 2017, haukutimia hata mwaka wa pili.